Mto upi wa barafu wa kufundishia: Columbia, Sermeq Kujalleq au Hubbard?

Silabasi ikifika kwenye barafu na bahari, mimi huwa nimebakiwa na vipindi viwili tu. Dakika 80, wanafunzi hamsini na kitu, wengi wao watoto wa pwani ambao barafu wanayoijua ni ile ya ubuyu ya kwenye kifuko, unaing'ata kona na kuinyonya njiani ukitoka madrasa. Katika dakika hizo nataka waamini kwamba ipo barafu nene kupita urefu wa ghorofa yoyote ya Dar es Salaam, kwamba inatembea, kwamba inafika mpaka baharini ikameguka humo, na kwamba mito mingi ya namna hiyo sasa inarudi nyuma. Mifano mitatu haiingii katika muda huo. Lazima uchague mmoja, wa pili uuguse tu.

Nimeshafundisha kwa Columbia wa Alaska, kwa Sermeq Kujalleq wa Greenland, na kwa Hubbard, nao wa Alaska. Kila mmoja una jambo unaloeleza vizuri kuliko wenzake, na kila mmoja una mtego wake. Ninayoandika hapa ni ya mwalimu mwenzangu, ya mtayarishaji wa kipindi cha redio, au ya mwanafunzi anayetafuta mto mmoja wa kuandikia mradi.

Kwanza tuiweke Kilimanjaro pembeni

Kila mtu angependa kuanza na cha nyumbani. Kwa mada nyingine sawa, kwa hii hapana. Barafu ya Kilimanjaro, ya Mlima Kenya na ya Rwenzori imekaa juu ya mwamba, mbali na maji ya chumvi. Inapungua kwa kuyeyuka, kwa kugeuka mvuke moja kwa moja juani, na kwa kukosa theluji mpya ya kuifidia. Haina bahari ya kuila kutoka chini. Mwanafunzi akiibeba picha ya Kilimanjaro na kuipeleka Greenland, atadhani kila kitu ni suala la jua kuwaka juu, na hapo utakuwa umempoteza kabla hujaanza.

Kuna na kosa la lugha ambalo hunipotezea robo saa kila mwaka. Tunasema "barafu inarudi nyuma", na mtoto anaelewa kwamba barafu inapanda mlima kurudi ilikotoka. Barafu inashuka siku zote. Kinachorudi ni ncha. Mimi hutumia kuni kwenye mafiga: unaisukuma kuni kuelekea motoni, ncha inaungua. Ukisukuma kwa kadiri moto unavyokula, ncha inabaki palepale. Moto ukila haraka kuliko unavyosukuma, ncha inasogea kuelekea kwako, ingawa kuni yenyewe haijarudi hata inchi moja. Waliowahi kupika ubwabwa wa shughuli wanaelewa mara moja.

Sasa kwenye mto unaoishia baharini (barafuto, kwa wanaopenda neno la kamusi) moto ni wa aina mbili. Maji ya bahari yanayeyusha sehemu iliyozama, na mapande yanameguka na kuanguka majini. Yote mawili yanategemea sana kina cha maji mbele ya ncha. Mito mingi ya aina hii haielei. Imekanyaga sakafu ya bahari, kama dau lililopweleka. Maji yakiwa ya kina kifupi, ncha inatulia. Maji yakiwa marefu, ncha inakaribia kunyanyuliwa, nyufa zinapanuka, na mapande yanaanguka kwa wingi. Ukiwa na wazo hilo moja tu kichwani, mito yote mitatu inaeleweka. Bila hilo, unabaki na picha za kutisha na takwimu za kukariri.

Columbia: sababu unaiona kwa macho

Columbia unashuka kutoka milima ya Chugach, barafu yake ikianzia zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kuingia katika ghuba ya Prince William Sound kusini mwa Alaska. Waingereza wa msafara wa George Vancouver walipima eneo hilo mwaka 1794 wakakuta ncha yake ipo upande wa kaskazini wa kisiwa kidogo kiitwacho Heather. Mwaka 1867 Urusi ikaiuzia Marekani Alaska nzima, na ncha ilikuwa hapohapo. Mwaka 1899 msafara wa Harriman ukaupa mto huo jina la chuo kikuu cha Columbia cha New York, na ncha bado hapohapo. Ilibaki hivyo mpaka karibu mwaka 1980.

Sababu ya utulivu huo ilikuwa chini ya maji. Mto wa barafu unaposonga unasukuma mbele yake changarawe, mawe na tope, na kwa karne nyingi mzigo huo unajikusanya kuwa tuta. Columbia ulikuwa umeketi juu ya tuta lake kama mtu aliyeketi kwenye kizingiti cha mlango. Mbele ya uso wake palikuwa na maji machache. Lakini nyuma ya tuta, chini ya barafu yenyewe, sakafu ilikuwa imechimbwa na barafu hiyohiyo mpaka mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo siku ncha itakapoteleza kutoka kizingitini, hatua inayofuata ni shimo, na ndani ya shimo maji ni marefu, na kwenye maji marefu barafu inameguka haraka, na ikimeguka inarudi kwenye kina zaidi. Inakuwa haina pa kushika.

Ninachokipenda kuliko vyote hapa ni kwamba watu waliliona jambo hili kabla halijatokea. Austin Post, mpigapicha na mtafiti wa Idara ya Jiolojia ya Marekani ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa akipiga picha za mito ya barafu kutoka kwenye ndege, pamoja na Mark Meier na wenzao, walianza kuupima Columbia mwishoni mwa miaka ya 1970. Hawakusukumwa na udadisi tu. Mwaka 1977 bomba la mafuta la Alaska lilikuwa limefunguliwa, na meli za mafuta zilizopakia katika bandari ya Valdez zilipita jirani na ghuba ya Columbia. Mwaka 1980 walitoa utabiri wao: mto huu utaanza kurudi kwa kasi ndani ya miaka michache. Ukaanza. Kilichokuwa kimepunguza ncha mpaka ikateleza kutoka kwenye tuta ni kukonda kwa barafu kwa miaka mingi. Baada ya hapo umbo la sakafu likachukua usukani.

Ncha imerudi zaidi ya kilomita 20. Unene na ujazo wa mto mzima umepungua zaidi ya nusu. Wakati wa mbio kubwa, barafu ilikuwa inateremka zaidi ya mita 25 kwa siku, na bado ncha ilikuwa inarudi. Hapo unarudi kwenye kuni: unasukuma kwa nguvu zote, na moto unakushinda. Karibu mwaka 2011 ncha ilirudi mpaka kwenye njia panda ya bonde na mto ukagawanyika kuwa matawi mawili, kila moja likiwa na ncha yake na mwenendo wake.

Na lile tuta bado lipo. Maji juu yake ni machache kiasi kwamba mapande makubwa ya barafu hukwama nyuma yake yakisubiri kupungua. Madogo hupita na kuelea mpaka kwenye njia ya meli. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilitoka kwenye njia yake ya kawaida ili kukwepa barafu iliyotoka Columbia, ikachelewa kurudi, na ikapanda mwamba wa Bligh Reef. Lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi zikamwagika. Kosa lilikuwa la watu, hilo lilishathibitika na sitaki mtu aseme kwamba barafu ndiyo iliyoipandisha mwambani. Lakini kama unatafuta namna ya kumfanya kijana anayependa habari za meli ainue kichwa kutoka kwenye dawati, hii ndiyo.

Kwa picha, Columbia hauna mpinzani. Setilaiti za Landsat zimeupiga tangu mwaka 1986, na NASA imezipanga picha hizo kwa mfululizo ambao mtu yeyote anaweza kuupakua bure. Rangi si za kweli: theluji na barafu ni samawati angavu, mimea ni kijani, mwamba ni hudhurungi, bahari ni buluu iliyokoza. Ukizipanga mezani kumi kumi, mtoto anaona samawati ikipanda juu ya karatasi na buluu ikiifuata nyuma. Angalizo kutoka kwa aliyekwisha kuaibika: usizitoe fotokopi nyeusi na nyeupe. Bahari na mwamba vyote vinakuwa weusi mmoja, na darasa zima lilinikodolea macho kama nimewagawia picha za usiku.

Mtego wa Columbia ni kwamba ni mfano mzuri wa utaratibu na mfano mbaya wa hali ya hewa. Watu wa kampeni wanaupenda kwa sababu picha zake zinashtua, lakini kasi ile ya kutisha haikuamuliwa na joto la mwaka fulani. Joto lilichangia kuukondesha. Sehemu kubwa ya mbio zenyewe ilitokana na shimo nyuma ya tuta. Ncha ikifika pembamba au kwenye maji mafupi, inatulia hata kama dunia inaendelea kupata joto. Mwanafunzi mjanja atakuuliza: basi ukisimama, tatizo limekwisha? Uwe na jibu.

Sermeq Kujalleq: bahari ndiyo inayozungumza

Jina lina maana ya mto wa barafu wa kusini, kwa lugha ya Kigreenland. Katika vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Kidenmaki, Jakobshavn Isbræ, na ukitafuta mtandaoni tafuta yote mawili. Uko magharibi mwa Greenland. Hori lake (mkono mwembamba wa bahari ulioingia ndani ya nchi) limeingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004, na kwenye mdomo wa hori hilo upo mji wa Ilulissat, ambao jina lake ni "milima ya barafu" tu, bila mapambo. Wavuvi wa huko huvua samaki aina ya halibati kati ya mapande yanayoelea. Kwenye ufuko wa Sermermiut, kijiji cha kale jirani na mji, kuna kibao kinachokataza watu kutembea kando ya maji, kwa sababu pande likipinduka au kuvunjika linaleta wimbi la ghafla linaloweza kukuzoa. Nilipowasomea wanafunzi habari ya kibao hicho, waliiamini barafu zaidi kuliko kwa takwimu yoyote niliyotangulia kutoa.

Ukubwa wake ni wa daraja jingine kabisa. Columbia unachota barafu ya milima. Huu unachota takriban asilimia 7 ya ganda zima la barafu la Greenland, na humwaga baharini zaidi ya kilomita za ujazo 35 za barafu kwa mwaka. Sakafu ya bonde lake ndani ya nchi inazama zaidi ya mita 1,000 chini ya usawa wa bahari. Karibu na mdomo wa hori kuna kizingiti, na milima mikubwa ya barafu hukwama hapo mpaka ipungue au isukumwe na ile inayotoka nyuma.

Kati ya miaka ya 1850 na katikati ya karne ya 20 ncha ilirudi takriban kilomita 25, kisha ikatulia kwa miongo kadhaa. Mbele yake ulikuwepo ulimi mrefu wa barafu unaoelea. Mwaka 1997 maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki yaliingia ghuba ya Disko na kupenya horini kwa chini. Ulimi ukakonda kutoka tumboni, ukaanza kuvunjika, na kufikia mwaka 2003 ulikuwa umekwisha. Kasi ya mto ikapanda kutoka chini ya kilomita 6 kwa mwaka mwaka 1992 hadi zaidi ya 12 mwaka 2003. Kiangazi cha 2012 ilipimwa ikienda kwa kasi ya kilomita 17 kwa mwaka, ambayo ni kama mita 46 kwa siku. Ukisimama darasani, mita 46 ni kutoka ubaoni mpaka nje ya ukuta wa nyuma, mpaka kwenye mwembe. Na siku moja ya Mei 2008 kamera zilinasa ncha ikimeguka kwa dakika 75 mfululizo. Kipindi changu kizima na sehemu ya kinachofuata.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea, na hata mimi nililikosea mwaka wa kwanza. Ulimi unaoelea ukivunjika, bahari haipandi kwa sababu ya ulimi huo, kwani barafu inayoelea ilishasukuma maji yake. Jaribu na glasi: tia barafu inayoelea, weka alama ya maji, subiri iyeyuke. Alama haisogei. Kisha chukua glasi nyingine, weka jiwe linalotokeza juu ya maji, iweke barafu juu ya jiwe, subiri. Hapo maji yanapanda. Kazi ya ulimi ilikuwa ya kabari mlangoni. Kabari ikiondoka, barafu ya bara, ile iliyokaa juu ya mwamba, inashuka haraka zaidi, na hiyo ndiyo inayopandisha bahari. Katika muongo wa kwanza wa karne hii mto huu peke yake uliongeza kina cha bahari zote duniani kwa karibu milimita 1. Inasikika ndogo mpaka ukumbuke kwamba ni mto mmoja, na bahari ni zote.

Kisha ukafanya kitu ambacho kinaufanya kuwa mfano bora. Karibu mwaka 2016 maji ya kina katika ghuba ya Disko yalipoa mpaka kufikia ubaridi ambao haukuwa umeonekana tangu miaka ya 1980. NASA walikuwa na mradi wa kuizunguka Greenland kwa ndege na kudondosha vipimajoto baharini, hivyo waliyaona mabadiliko hayo. Mto ukapunguza kasi, ukaongezeka unene karibu na ncha, na ncha ikasogea mbele kwa miaka michache. Waliozoea kusema "unayeyuka tu" walibabaika. Waliozoea kusema "mnatudanganya" walishangilia. Wote walikuwa wameacha kutazama maji. Bahari ilipokuwa vuguvugu mto ulikimbia, ilipopoa ulipunguza mwendo. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa nani anayeshika hatamu. Na hata katika miaka hiyo ya kupumua, bonde lake kwa jumla liliendelea kupoteza barafu nyingi kuliko theluji iliyoingia.

Huu pia ndio wenye kamba inayofika mpaka kwetu. Ganda la barafu la Greenland ni zito kiasi kwamba linavuta maji ya bahari kulizunguka kwa nguvu yake ya uvutano. Likipungua, mvuto unapungua, maji yaliyokuwa yamekusanyika huko yanaachiwa. Matokeo yake usawa wa bahari karibu na Greenland unashuka, na mbali, kwenye nchi za joto, unapanda kuliko wastani wa dunia. Mkazi wa Pangani au Lamu anayeona maji ya bamvua yakifika mahali ambapo babu yake hakuwahi kuyaona ana sababu nyingi za kuangalia, mmomonyoko na mikoko iliyokatwa zikiwemo, lakini Greenland imo katika hesabu. Mvuvi wa Ilulissat yeye, bahari ya mlangoni kwake inashuka. Wanafunzi wangu waliona hilo si haki hata kidogo, na mjadala ukatutoa nje ya muda.

Mtego wake? Hauna kitu cha kushika mkononi kama tuta la Columbia. Mambo yanatokea mita mia kadhaa chini ya maji, kwenye tabaka la joto ambalo huwezi kulipiga picha. Kwa kidato cha pili ni mzito. Kwa kidato cha tano na sita sina shaka nao.

Hubbard: anayekataa mkumbo

Hubbard una urefu wa kilomita 122, unaanzia upande wa Mount Logan nchini Kanada na kuishia katika ghuba ya Disenchantment, jirani na mji wa Yakutat. Uso wake baharini una upana wa kilomita zaidi ya 10. Ndio mkubwa kuliko yote inayofika baharini Amerika Kaskazini, ukiiacha Greenland, na tangu ulipochorwa kwenye ramani mwaka 1895 umekuwa ukisonga mbele.

Unasonga mbele kwa sababu mbili. Takriban asilimia 95 ya eneo lake iko juu sana, mahali ambapo theluji inaongezeka kila mwaka kuliko inavyoyeyuka, kwa hiyo mwenye kusukuma kuni ana nguvu kuliko moto. Na unaburuta tuta lake mbele, ukilijenga na kulikanyaga, hivyo maji mbele ya uso yanabaki mafupi. Ni Columbia kabla ya kuteleza.

Mwaka 1986 ulisonga mpaka ukaziba mdomo wa hori la Russell. Hori likawa ziwa, maji yakapanda mita 25, na sili na pomboo walionaswa ndani wakajikuta kwenye maji yanayozidi kupoteza chumvi, watu wakahangaika kuwaokoa. Tarehe 8 Oktoba bwawa la barafu likapasuka. Mwaka 2002 ikatokea tena, safari hii changarawe ndiyo iliyoziba, maji yakapanda mita 15, yakapasua njia katikati ya Agosti. Wavuvi wa Yakutat wanalihofia hilo kwa sababu ziwa likikaa bila kupasuka, maji yatafurika upande wa pili na kuingia mto Situk wenye samaki wao wa samoni.

Hubbard haufai kuwa mfano mkuu. Ukianza nao, utatumia dakika 70 kuondoa fikra kwamba hakuna kinachotokea duniani. Lakini dakika kumi za mwisho ni zake, kwa sababu mwanafunzi atakayeukuta mwenyewe mtandaoni bila wewe atahisi ulimficha. Uweke pamoja na hesabu hii: watafiti waliopima mito 1,704 ya Kizio cha Kaskazini inayoishia baharini walikuta kwamba kati ya mwaka 2000 na 2020 takriban asilimia 85 ilirudi nyuma, na iliyosonga mbele haikufika asilimia 3. Hubbard ni wa kweli, na ni wa nadra.

Miwili ambayo watu huniuliza

Glacier Bay, Alaska, ina hadithi nzuri. Vancouver mwaka 1794 alikuta barafu imejaa karibu ghuba nzima. John Muir, mwandishi wa Marekani wa mambo ya asili, alipofika mwaka 1879 ilikuwa imerudi makumi ya kilomita. Watlingit wa Huna, wenyeji wa asili wa huko, wana simulizi za wazee wao kufukuzwa na barafu ilipokuwa inasonga mbele kabla ya hapo. Ardhi ya huko, baada ya kutuliwa mzigo, inapanda karibu sentimita 3 kwa mwaka. Ila sehemu kubwa ya kurudi huko ilitokea kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi, na kulieleza hilo kwa uaminifu kunataka kipindi cha tatu.

Thwaites wa Antaktika ndio unaotajwa zaidi kwenye habari. Una upana wa kilomita 120, na ukiisha wote unaweza kupandisha bahari kwa sentimita 65. Sakafu yake nayo inazama kadiri unavyoingia ndani, kama ya Columbia, lakini kwa ukubwa usioingia akilini. Sina picha ya mfululizo inayosema kitu kwa mtoto, na hakuna mji, mvuvi wala meli ya kumshikisha. Nautaja, naendelea.

Basi uchukue upi

Kidato cha kwanza mpaka cha nne, au msikilizaji wa redio ambaye hajawahi kuisikia mada hii: Columbia, bila kusita. Una mwanzo, una siri chini ya maji, una utabiri uliotimia, una meli. Sema waziwazi kwamba unawaonyesha jinsi mto unavyorudi, na kwamba swali la joto la dunia linajibiwa na mito 1,704, si na mmoja.

Kidato cha tano na sita, chuo, au makala ya gazeti la pwani: Sermeq Kujalleq. Usiache kipande cha 2016. Wengi hukiruka kwa kuogopa kuwachanganya watu, kumbe bila hicho sehemu ya bahari inakuwa maneno matupu.

Mwanafunzi wa mradi mwenye simu na bando kidogo: Columbia tena, kwa sababu ya picha. Pima kwa rula umbali wa ncha kutoka kisiwa cha Heather kwenye kila picha, chora grafu, na utakuwa na kitu chako mwenyewe cha kutetea. Utaona miaka ya mbio na miaka ambayo ncha haikusogea, na maelezo ya tofauti hiyo utayapata kwenye upana na kina cha bonde kuliko kwenye jedwali la joto.

Mimi mwaka huu dakika 80 nimezigawa hivi: kumi za kuni na mafiga, arobaini za Columbia, ishirini za glasi mbili na Sermeq Kujalleq, kumi za Hubbard. Tuta nalijenga kwa mchanga ndani ya karai, barafu naigandisha kwenye kopo la siagi, naiketisha juu ya mchanga, kisha mwanafunzi mmoja anamimina maji nyuma yake taratibu mpaka inyanyuke. Ikinyanyuka, darasa zima linaona kwamba kumbe ilikuwa imekanyaga. Kopo gandisha mawili, na uyaanze mapema. Mwaka jana nilikuwa na moja tu, umeme ukakatika usiku, na asubuhi nikaingia darasani na kopo la maji.